Kihisi cha Mlango wa Nyuma

Wageni waliposikia akiitwa Nyundo walidhani jina limetokana na ufundi. Wapi. Nyundo hata hakuwa nayo kibandani mwake. Kazi yake ilikuwa ya vitu vidogo: simu, redio, taa zinazojiwasha zenyewe, vidude vya ukutani ambavyo wenye nyumba hununua kwa mbwembwe na baadaye kuvileta mfukoni vikiwa vimekata roho. Jina alilipata shuleni, siku alipomtandika msichana mwenzake ngumi ya shavu na yule mwenzake akatema jino mbele ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu akamchapa. Alipofika nyumbani, baba yake akamchapa kwa kosa la kuchapwa shuleni. Kesho yake akampiga yule msichana tena, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha msururu wote huo.

Nyumbani kwao watu waliongea kwa mikono. Baba alimpiga mama, mama alimpiga Nyundo, na ungetegemea Nyundo naye ashuke kwa mdogo wake, maana ndivyo maji yanavyokwenda. Hakushuka. Baba akifungua mkanda, Nyundo alimsukumia mdogo wake uvunguni mwa kitanda, kisha yeye akabaki juu kupokea. Fimbo za watoto wawili alizila peke yake mpaka mgongo wake ukawa na michirizi ambayo hata uzee hautaifuta. Mapenzi yake yote ya utotoni yalikuwa hayo, kusimama mbele ya mtu na kupigwa kwa niaba yake.

Alipokua alibadilisha upande mmoja tu wa mambo: badala ya kupokea, akawa anatoa. Mumewe alimzaba kofi mara moja mezani kwa sababu ya chai iliyopoa, na nafasi ya kuzaba la pili hakuipata. Mwanamume yule alitoka kwenye ile ndoa akiwa amefungwa mkono kifuani, mfupa wa bega umevunjika, na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Kibaka mmoja alijaribu kupokonya simu juu ya meza ya kazi. Nyundo akamkandamiza mkono kwa pasi ya kulehemu ikiwa moto, na mlio uliotoka hapo ulisikika mpaka kwa wauza matairi. Mtaa mzima ulicheka. Tulicheka kwa sababu mkono ule haukuwa umeelekezwa kwetu.

"Dawa ya moto ni moto," alikuwa akisema, huku akifuta ncha ya pasi kwenye sifongo. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa safi, na aliyemdhulumu mteja wake alimdhulumu yeye, watu walimheshimu na kumsogelea kwa adabu.

Mdogo wake alifika asubuhi moja, wateja wakiwa bado hawajaanza kuja. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba lenyewe, mdomo umepasuka, na miguuni amevaa kandambili zisizo jozi moja. Alikuwa na mfuko mmoja begani. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Ingia ndani." Nyundo hakuuliza ni nani aliyempiga. Alimfahamu shemeji yake, msimamizi wa ghala la mbolea, mtu wa shati lililonyooshwa na sauti ya chini. "Umekula?"

"Sijala."

"Utakula. Na nisikilize vizuri, mdogo wangu. Humu ndani hakuna atakayekunyanyulia mkono. Hata mmoja. Akifika hapo, atapita kwangu kwanza."

Mdogo wake ndipo akalia, maana machozi nayo hungoja ruhusa. Alikuwa amehama nyumba ya baba akaingia ya mume bila kujua kuna aina nyingine ya nyumba. Sasa alikuwa ameahidiwa moja, na Nyundo aliapa moyoni kwamba liwalo na liwe, ile ahadi haitavunjika.

Mfukoni mlikuwa na nguo kidogo, kitambulisho, na kidude cheupe kinachotosha kiganjani, kimepasuka upande mmoja, waya umening'inia.

"Hiki nacho umekibebea nini?" Nyundo akauliza.

"Kinajua nipo."

Kilikuwa kihisi, kimojawapo cha vile vya kuwekwa ukutani ili taa iwake mtu akiingia na izime akitoka. Vya zamani vilimwona anayetembea tu. Ukikaa kimya kwenye kiti unaachwa gizani ukipunga mikono kama unafukuza nyuki. Hivi vipya vinatuma mawimbi na kusikia mpaka kifua kikipanda na kushuka. Mumewe alikifunga chumbani akisema ni kwa ajili ya umeme. Halafu akiwa ghalani alikuwa akitazama simu yake. Mkewe akikaa chumbani sana, anapiga kuuliza kwa nini amelala mchana. Akikosekana chumbani, anapiga kuuliza yuko kwa nani. Jioni anarudi na majibu yake mkononi.

"Hata nikibana pumzi, dada. Nilijaribu. Kichwa kikaanza kuzunguka, chenyewe kinasema tu, mtu yupo."

Siku aliyotoroka, mumewe alimrushia kigoda. Kigoda kikamkosa, kikapiga ukuta, kihisi kikaanguka. Basi akaushika mguu wa kigoda na kumalizia kazi kwa huo. Alipokwenda kuoga, mkewe akaokota kihisi kwanza, nguo baadaye. Aliogopa akikiacha pale sakafuni kitasema ametoka.

"Kitupe, dada. Tafadhali."

"Nitakitupa."

Hakukitupa. Fundi wa vitu vidogo hatupi kitu. Mkono wake unakataa. Akakitia kwenye kopo la bati lenye mizoga mingine, na akasahau kwamba ametoa ahadi ya pili.

Shemeji alikuja siku chache baadaye, akabisha hodi kama muungwana. Mdogo mtu alikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, amejibana kati ya kabati na ukuta. Nyundo aliendelea kushika pasi yake.

"Shikamoo shemeji. Namtafuta mwenzangu."

"Hayupo hapa."

"Mambo ya mtu na mkewe huzungumzwa yakaisha, shemeji. Mimi sina neno naye."

"Alipita. Akapanda basi, akaenda mbali. Nakuapia kaburi la mama yangu." Kiapo kilikuwa kizito na alikitoa bila kupepesa macho. "Na ukiisogelea meza hii hatua moja zaidi, nakutoboa shavu kwa hii pasi."

Shemeji akatazama pazia, akatazama ncha ya pasi inayofuka moshi, akatabasamu, akaaga. Mtu anayempiga mkewe kwa mguu wa kigoda ana akili timamu kabisa. Hupima kwanza ni nani wa kumpiga.

Tangu hapo Nyundo hakutulia. Kibanda kilikuwa na mlango wa mbele, ambako yeye hukaa, na wa nyuma, unaotokea kwenye kijia chembamba cha takataka. Mtu angeweza kupitia nyuma na yeye asisikie, hasa kipulizo cha hewa moto kikiunguruma. Akakumbuka kwamba chini ya meza kuna kihisi kizima kilichoachwa na mteja, kasoro chipu yake tu, ile inayopeleka habari kwenye waifai. Mteja huyo alikichomeka kwenye chaja isiyo yake na chipu ikaungua. Upande wa kusikia mtu haukuguswa. Na kwenye kopo la bati kulikuwa na kingine cha aina ileile, kilichopasuka upande wa kusikia na chipu yake nzima.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakuwahi kuona kopo la fundi.

Kazi aliifanya vizuri sana. Aliibana bodi ya kihisi cha shemeji, akapaka mafuta ya kulehemu kuzunguka chipu, akaielekezea hewa moto kwa mizunguko mpaka risasi ya kulehemea ikang'aa na kulegea, kisha akainyanyua kwa kibanio. Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na paa lake la bati. Akaondoa ile iliyoungua, akasafisha mahali ilipokuwa imekaa, akaikalisha hii mahali pake, akaichunguza kwa lenzi mguu kwa mguu. Alikuwa akipiga mluzi. Wakati huo mdogo wake alikuwa akifua nyuma, na jicho lake lilikuwa limeanza kufunguka.

Hapo ndipo palipotakiwa subira. Chipu iliyotoka kwenye kifaa cha mtu hufutwa kwanza. Unaiunganisha na kompyuta, unafuta kila kilichomo, unaiandika upya. Nyundo alijua hilo na amewagombeza mafundi wengine kwa kulipuuza. Lakini alikuwa na sheria yake nyingine iliyomlisha miaka yote: ikiwaka, usiiguse. Alipoipa umeme iliwaka mara ya kwanza. Akabonyeza kitufe cha pembeni, akaipa jina la mtandao wa kibanda na neno lake la siri, taa ikageuka buluu, na simuni mwake ukurasa ukafunguka: mtu yupo. Akatoka chumbani. Hakuna mtu. Akarudi. Mtu yupo. Akacheka peke yake.

Chipu ya namna ile hukumbuka mambo mawili: mtandao inaoutumia, na bwana wake, yaani simu inayoipelekea habari. Nyundo alibadilisha la kwanza.

"Hiki ni kingine, dada?" mdogo wake aliuliza alipokiona kimefungwa juu ya mlango wa nyuma.

"Ni cha mteja. Hiki kinakulinda. Mtu akisogea hapa, najua."

"Na kile cha kwangu ulikitupa?"

"Nilikitupa."

Kule ghalani, katikati ya magunia, simu ya shemeji ikalia. Kihisi kilichokuwa kimya kilikuwa kimerudi. Chumba cha kulala, kilisema, maana ndilo jina alilokipa yeye mwenyewe: mtu yupo. Akabonyeza kuona zaidi, na chini yake kukawa na jina la mtandao kinaoutumia. Nyundo aliuita mtandao wake Fundi Nyundo, kwa herufi kubwa, ili wapita njia wajue pa kupeleka simu zao.

Shemeji hakuharakisha. Alisubiri siku ambayo Nyundo angetoka, na siku hiyo ilikuwa ya kupeleka redio kwenye zahanati, mchana kweupe, jua la kuchoma utosi. Nyundo alikuwa amekwenda kwa miguu. Huko njiani akafungua simu yake kutazama nyumbani, na ukurasa ukamwambia mtu yupo. Akadhani ni mdogo wake anafagia kijia. Kidude kile hakijui kuhesabu wala hakijui sura. Mmoja au wawili, mwema au muuaji, kwake ni mtu tu. Nyundo akaridhika, na alipofika akasimama na mhudumu wa zahanati kutazama feni iliyokuwa ikipiga kelele.

Aliporudi, aliisikia kabla ya kuiona. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kinachoangukia kitu laini, kikinyamaza, kikiangukia tena.

Mlango wa nyuma ulikuwa umelala chini na bawaba zake. Shemeji alikuwa amevua shati lake lililonyooshwa na kulitundika kwenye msumari. Mdogo wake alikuwa sakafuni, amekunjana, mikono kichwani, na yule bwana anampiga mateke ya mbavu kwa utaratibu, bila pupa, kama mtu anayeshindilia udongo. Mkononi alikuwa na kipande cha nondo. Kwenye mkono wa mkewe mfupa ulikuwa tayari umepinda mahali pasipo na kiungo.

Nyundo alichukua kiti cha chuma cha wateja na kumshushia mgongoni. Shemeji akageuka na nondo, ikampata Nyundo begani, mkono wote ukafa ganzi. Akatumia wa pili. Ngumi ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilikwenda kwenye koo. Nondo ikaanguka. Akamkaba, akamgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango, akakigongesha tena, na alipoteleza chini akamkalia kifuani. Hapo angeweza kuacha. Mtu alikuwa amelegea, damu inamtoka puani na mdomoni, macho meupe. Nyundo akaendelea kumpiga usoni kwa mkono mmoja uliokuwa hai, na kila ngumi ilikuwa na jina lake: ya baba, ya mama, ya mwalimu wa hesabu. Alikuwa na furaha. Ni aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kanisani wala harusini.

Jirani yake mshona nguo, mwanamke mnene ambaye wote tulimwita Mama Cherehani, ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akamkumbatia kwa nyuma na kumvuta.

"Basi, basi, mwenzangu. Utaua."

"Niache niue."

"Utaua ufungwe, huyu mtoto abaki na nani?"

Wauza matairi wakaingia, wakamfunga shemeji kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mtu akakimbilia kituoni. Alipopata fahamu, kabla polisi hawajafika, shemeji alimtazama Nyundo kwa jicho lililobaki wazi na kucheka, mapovu mekundu mdomoni.

"Uliniapia kaburi la mama yako," alisema. "Kidude chako mwenyewe ndicho kimeniita. Tazama simu yangu."

Simu ilikuwa sakafuni, kioo kimepasuka, bado inawaka. Nyundo akaiokota. Akasoma, akaelewa yote kwa mara moja, kuanzia hewa moto mpaka kitufe. Akaizima na kuitia mfukoni kama mwizi. Polisi walipokuja kumchukua yule bwana hakuwapa.

Mganga wa zahanati alikuja akamfunga mdogo mtu mkono kwa vibao, akampa dawa ya maumivu, akasema kesho apelekwe kupigwa picha. Watu wakatawanyika. Mama Cherehani akarudi kwake, akisema akihitajika aitwe, ukuta ni mmoja. Wakabaki wawili chumba cha nyuma, mmoja kitandani ameegemea ukuta, mwingine anasuuza kitambaa chenye damu kwenye beseni.

"Dada."

"Lala."

"Amesema kidude kimemwita. Kidude gani?"

"Mwongo huyo. Lala."

Mdogo wake alikuwa na akili nyepesi kuliko watu walivyomdhania. Mwanamke anayepigwa hujifunza kuunganisha mambo haraka.

"Hakukitupa," alisema, taratibu, kama anajieleza mwenyewe. Kisha akainua uso. "Hukukitupa, dada. Umekiweka hapo juu ya kichwa changu. Nilikuomba."

"Nilikuwa nakulinda."

"Nilikuomba kitu kimoja tu."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti pengine ingekuwa rahisi. Nyundo alihisi ile aibu ikimpanda, na kwake yeye aibu haikuwahi kuwa na njia nyingine ya kutokea. Mkono ukanyanyuka. Nisimtetee: alijua ni wa nani uso ule. Akamzaba kofi la nguvu zake zote, juu ya mdomo uleule uliopasuka, kichwa kikagonga ukuta.

Mdogo wake hakulia wala hakushangaa. Alifanya kile anachojua kufanya. Alijigeuza uso ukutani, akavuta magoti, akaufunika utosi kwa ule mkono mzima, akajifanya mdogo kadiri alivyoweza.

"Nisamehe, dada," alisema. "Sitarudia. Nisamehe. Sitasema tena."

Nyundo akapiga magoti kando ya kitanda. Akaita jina la mdogo wake, lile la utotoni. Akapeleka mkono amshike bega, na lile bega likaruka kabla hajaligusa. Akapeleka tena, polepole, kiganja wazi, na mdogo wake akajikunja zaidi na kuanza kuomba msamaha upya, haraka haraka, maneno yaleyale, huku ule mkono uliovunjika ukining'inia nje ya vibao vyake na damu mpya ikichuruzika kwenye shuka. Ilibidi ashikwe, ageuzwe, afungwe tena, na hapakuwa na namna ya Nyundo kumkaribia.

Akajivuta nyuma mpaka mlangoni. Kisha akaenda kugonga ukuta kumwita Mama Cherehani, aje amwinue.